Mahameli Juu ya Matundu

Mdomo wa Wiebe ulipasuka tena Jumanne, mahali palepale, kidogo kushoto kwa katikati, damu ikaingia ndani ya tarumbeta. Alilitikisa juu ya sinki la jikoni, likatoka tone la mate mekundu likatua kando ya sahani za kifungua kinywa. Sietske, mkewe, alikuwa anamenya viazi. Aliliangalia lile tone, akaviangalia viazi, akafungua bomba la maji mpaka mwisho.

"Wiebe, hilo ni sinki la vyombo."

"Nimesikia."

"Tangu Septemba unasikia."

Tangu Septemba, ndiyo. Mwezi huo kilitoka kijitabu cha msimu, kurasa kumi na mbili za karatasi nzito, na kwenye ukurasa wa tatu Diederik, mkuu na mwongozaji wa Kapella, aliandika kwa herufi nene kwamba Krismasi hii, kwa mara ya kwanza mjini Zwolle, matarumbeta yatapigwa bila matundu, kama enzi zile hasa. Hakumuuliza mtu. Wapigaji wenyewe waliisoma habari hiyo siku moja na majirani zao.

Kapella ni kwaya na okestra inayopiga muziki wa miaka mia tatu iliyopita kwa ala za namna ya enzi hizo: fidla zenye nyuzi za utumbo wa kondoo, filimbi za mti, na tarumbeta lisilo na vitufe. Tarumbeta hilo ni bomba refu la shaba lililokunjwa, basi. Noti zote hutafutwa kwa midomo, na ile ya kumi na moja kutoka chini haitaki kutii. Inatoka chachu, si huku wala kule. Watu wa zamani waliinyoosha kwa midomo tu. Wa leo wametoboa matundu madogo ubavuni mwa bomba. Ukiinua kidole, noti inanyooka yenyewe. Karibu kila mpigaji anayatumia matundu hayo na hakuna anayeyataja, kama vile watu wasivyotaja nywele zilizotiwa rangi. Sasa Diederik alikuwa ameyataja, tena kwa kuyakana.

"Asiyeweza aseme mapema, hakuna ubaya," aliwaambia wapigaji wake watatu, Wiebe, Mirthe na Koos, na wote walijua ubaya upo wapi. Wiebe alikuwa na miaka hamsini na saba. Kiti cha tarumbeta la kwanza alikuwa amekikalia kwa miaka ishirini na miwili, na hana kingine. Basi akalitoa kabatini bomba zima lisilo na tundu hata moja, akahamia nalo jikoni, kwa sababu ukuta wa sebule unapakana na jirani, na jirani keshaandika barua mbili.

"Leo saba katika kumi," alisema sasa, kitambaa kikiwa mdomoni.

"Saba nini?"

"Nikiipiga mara kumi, mara saba inanyooka. Wiki iliyopita ilikuwa tano."

"Daktari alisema upumzike wiki sita."

"Yule daktari muziki wake wote ni gitaa la kambini."

Sietske alicheka kidogo, kisha akakiona kitambaa. Hakuzaliwa mtu wa kuogopa damu. Lakini damu hii ya kila siku, ya kusugua mdomo kwenye chuma ili ukurasa wa tatu usionekane wa uongo, ilimkinaisha. Chakula cha jioni Wiebe alikula uji wa maziwa na vanila, vuguvugu, kwa kijiko cha chai, maana supu ya haradali aliyoipenda ilikuwa inamchoma. Alimeza akitazama ukutani ili mkewe asimwone akikunja uso.

* * *

Jumamosi asubuhi walifanya mazoezi kwenye ukumbi wa nyuma ya kanisa. Sietske alisimama na alto wenzake wa kwaya, mstari wa tatu, mahali alipokuwa anasimama kwa miaka kumi na tisa. Ilipofika sehemu ya mwimbaji wa besi na tarumbeta, watu wawili tu wakibishana kwa uzuri juu ya okestra iliyonyamaza nusu, Wiebe alisimama. Akaanza vizuri. Sietske alijikuta anabana vidole vya miguu ndani ya viatu. Noti ya kumi na moja ikaja, ikapasuka kama kiti kinachoburutwa kwenye vigae.

Diederik aliinua mkono.

"Wiebe, rafiki yangu. Hilo ni tarumbeta, au kuna lori linarudi nyuma huko nje?"

Kwaya ikacheka. Watu arobaini, na hakuna hata mmoja kati yao ambaye hajawahi kula keki ya siku ya kuzaliwa nyumbani kwa Wiebe. Sietske aliona mabega ya sopurano yanatikisika mbele yake, wanawake wazima na lulu zao masikioni.

"Tena," alisema Diederik.

Wiebe akapiga tena, ikapasuka. Akapiga mara ya tatu, ikatoka chachu.

"Basi, kaa. Mirthe, hebu ipige wewe, tusikie."

Mirthe alikuwa tarumbeta la pili. Alikuwa mwanafunzi wa Wiebe tangu akiwa na miaka kumi na moja. Sasa ana thelathini na tano na watoto wawili. Alisimama akiwa mwekundu shingoni, akapiga, na noti ikanyooka kama imepigwa pasi.

"Mnaona?" Diederik aliwaambia wote. "Inawezekana. Ni suala la nidhamu."

Wapigaji wote wa ala za shaba wakatazama sakafu. Tarumbeta la Mirthe lilikuwa lile lake la siku zote, lenye matundu, na mtu yeyote aliyesimama upande wa dirisha alikiona kidole chake kikiinuka. Diederik mwenyewe alikuwa amesimama upande wa dirisha. Wiebe alikitazama kidole kile, akalifuta tarumbeta lake taratibu.

Wakati wa kahawa, kikombe kimoja na biskuti moja kwa kila mtu, Diederik alimfuata Sietske kwenye makoti. Alinukia peremende.

"Sietske, wewe una cherehani, sivyo?"

"Ninayo."

"Zamani matarumbeta yalivishwa. Kamba, vishada, vitambaa. Unaweza kuona kwenye picha za kale. Nilikuwa nawaza mahameli nyekundu, kutoka hapa mpaka hapa," alipima kwa viganja hewani, "iliyolegea kidogo, mkono wa mpigaji uingie chini yake bila shida."

Sietske alimtazama.

"Kwa hiyo matundu yatakuwepo."

"Mimi sijasema matundu. Nimesema mahameli."

"Na kijitabu chako?"

"Kijitabu kimeshachapwa, mama. Tiketi zimekwisha. Familia ya Lohuizen imetoa ufadhili kwa sababu ya ukurasa ule, na redio inakuja kwa sababu ya ukurasa ule. Unataka nifanye nini, nizunguke na kalamu nyumba kwa nyumba nikifuta?" Alishusha sauti, akamwekea mkono begani. "Ninamtafutia mumeo njia, basi. Ukiona afadhali apasuke hivi redioni, nchi nzima imsikie, ni sawa. Nyumba ni yako, amua."

Angeweza kuutoa ule mkono begani. Hakuutoa. Alimwuliza anataka vifuniko vingapi.

"Vitatu," alisema Diederik. "Na pindo la dhahabu, kama haikusumbui."

* * *

Alishona michana mitatu mfululizo, Wiebe akiwa shuleni kufundisha. Mahameli aliinunua sokoni. Ilikuwa kazi nzuri, mikono yake haikujua kufanya kazi mbaya, na hilo nalo lilimuudhi. Alipomaliza alivipanga vyote vitatu mezani, akamngoja mumewe.

Wiebe alikishika kimoja, akakigeuza ndani nje.

"Hiki nini?"

"Kifuniko cha tarumbeta. Lile lako la matundu. Unaingiza mkono hapa chini, hakuna anayeona."

Akaingiza mkono chini ya kitambaa, akautoa.

"Umenishonea chupi ya tarumbeta."

"Wiebe."

"Yenye pindo la dhahabu."

"Ni Diederik aliyeomba. Alitaka kukusaidia."

"Kunisaidia." Akakirudisha mezani kwa ncha za vidole viwili. "Kwa hiyo huu mdomo wangu, miezi hii yote, ulikuwa wa nini? Uji huu ninaolishwa ni wa nini? Si angeniambia Septemba kwamba ni mchezo wa kuigiza, nikala supu yangu?"

"Sijui. Nilifikiria mdomo wako tu."

"Na nani anajua?"

"Mirthe na Koos. Nadhani nusu ya okestra."

"Nusu ya okestra," alirudia. "Na walicheka Jumamosi."

Alimpigia Diederik simu palepale, amesimama, koti bado mwilini. Sietske alisikia upande mmoja tu. "Nakupa mbili, uchague. Uwaambie watu kijitabu kilikosea, nipige na matundu yakiwa wazi kila mtu ayaone. Au nipige bila matundu kama ulivyowaahidi, nikikosea nimekosea, watu wasikie jinsi ilivyo ngumu. Hapana. Hapana, mahameli sitaki." Akakata.

Jibu halikuchukua saa nzima. Lilikuja kwa barua pepe, na nakala kwa kwaya na okestra yote. Diederik alimshukuru Wiebe kwa miaka mingi ya uaminifu. Familia ya Kapella, aliandika, ina wasiwasi mkubwa juu ya afya ya mdomo wake, na imemwomba apumzike kipindi chote cha Krismasi. Mirthe atakaa kiti cha kwanza. Kadi ya pole itapitishwa kwenye mazoezi ili wote watie sahihi.

Wiebe aliisoma kwa sauti mara mbili, kama mtu anayesoma maelekezo ya dawa.

"Nimeugua," alisema. "Umesikia? Mimi ni mgonjwa, nahitaji kadi."

"Nisiende kuimba?"

"Miaka kumi na tisa ni yako, si yangu. Fanya unavyoona." Akavisukuma vile vitambaa mpaka ukingo wa meza. "Ila hivi vitupe."

"Nitavitupa," alisema Sietske.

Havikutupwa. Kesho yake Diederik alipiga simu, Wiebe akiwa kwa daktari, mdomo ukitazamwa kwa taa. Alikuwa mpole kama karani wa benki. Mei kuna onyesho la kufunga msimu, alisema, na Mei kuna matarumbeta tena. Kiti cha Wiebe hakijaenda popote. Mambo haya hupoa yenyewe, ikiwa sote tutakuwa watulivu. "Na vile vifuniko, unavyo bado?"

Sietske alivipeleka kwenye mazoezi ndani ya mfuko wa mkate. Njiani, juu ya baiskeli, upepo ukimpiga usoni, alijiambia kwamba anafanya hivi kwa ajili ya Wiebe. Ilikuwa kweli, na ukweli huo ndio uliomuudhi zaidi. Mirthe aliupokea mfuko bila kumtazama.

"Anaendeleaje?" aliuliza Mirthe.

"Unaweza kumpigia simu."

"Nitamwambia nini?"

Sietske alikwenda mahali pake kwenye mstari wa tatu. Kadi ya pole ilimfikia mikononi, imejaa sahihi na mioyo iliyochorwa, na kwa kuwa alto wenzake walikuwa wanamtazama, yeye naye akatia sahihi kadi ya pole ya mume wake mwenyewe.

* * *

Onyesho la redio lilikuwa Jumapili saa tisa alasiri. Kanisa lilijaa mpaka nyuma ya nguzo, watu wamekaa na makoti yao, vikohozi vimewekwa akiba kwa mapumziko. Kabla ya kuanza, Diederik aligeuka akawaambia wasikilizaji kwamba leo watasikia kitu ambacho masikio ya kizazi chetu yamenyimwa. Alisema neno "ukweli" mara tatu. Sietske alihesabu.

Mirthe alisimama na tarumbeta lake jekundu. Alipiga vizuri, Wiebe alikuwa amemfundisha vizuri. Noti ya kumi na moja ilikuja, chini ya mahameli kidole kikainuka, na noti ikasimama hewani, safi, haina kasoro. Mzee mmoja kwenye safu ya mbele alifumba macho, machozi yakamtoka. Alikuwa analia kwa dhati, maskini, na Sietske akatamani kumwambia ayarudishe.

Baada ya onyesho kulikuwa na divai nyeupe na vipande vya jibini kwa wafadhili na wanakwaya. Bibi Lohuizen, mjane wa miaka sabini na kitu, mrefu, mwenye fimbo, alipita moja kwa moja mpaka kwa Mirthe.

"Nimesikiliza muziki huu maisha yangu yote," alisema. "Leo ndiyo mara ya kwanza kusikia tarumbeta lisilo na hila. Mtu anaisikia tofauti mara moja."

"Asante, bibi," alisema Mirthe, akiwa ameshika tarumbeta nyuma ya mgongo kama mtoto aliyeficha kitu.

"Hebu nilione. Ah, limevishwa. Na hii mahameli kazi yake ni nini?" Akanyoosha kidole chenye pete, akashika pindo la dhahabu ili alifunue.

Mirthe akarudi nyuma hatua moja. Diederik alikuwepo, glasi mkononi, na tabasamu halikumtoka hata kidogo.

"Hilo muulize Sietske, bibi," alisema. "Sietske ndiye fundi wetu. Anajua habari zote za mahameli."

Bibi Lohuizen akageuka, uso wake mwema ukingoja. Sietske alikuwa na kipande cha jibini mdomoni. Alikuwa na nafasi ya kusema maneno manne tu, "funua, bibi, uone mwenyewe," na mambo yangekwisha. Akakimeza kile kipande.

"Ni jasho, bibi," alisema. "Jasho la mkono linaila shaba. Zamani shaba ilikuwa laini kuliko ya leo. Wapigaji wa majumba ya wafalme waliyavisha hivi." Kisha, bila kuulizwa na mtu, akaongeza: "Kila mwaka walipewa mahameli mpya."

"Kumbe," alisema Bibi Lohuizen, akiwa amefurahi kweli, na kuliachia lile pindo. "Kila mwaka!" Akamgeukia rafiki yake kumsimulia. Mirthe alikuwa amemkodolea macho Sietske, mke wa mwalimu wake, kama anamwona kwa mara ya kwanza.

Kile alichoongeza, cha kila mwaka, ndicho kilichomchafua Sietske. Kuhusu jasho angeweza kusema alibanwa. Hiki cha kila mwaka alikitoa bure, kwa ustadi, kama alivyolitia lile pindo.

Diederik alimshika kiwiko walipokuwa wanavaa makoti.

"Mei," alimnong'oneza. "Mwambie."

"Asante," alisema Sietske.

* * *

Alimkuta Wiebe mezani, redio imezimwa, mbele yake kipande cha mkate kilichokatwa maganda. Hakuonekana mwenye huzuni. Alionekana mtu aliyemaliza kazi.

"Umesikia?" aliuliza Sietske, bado amesimama mlangoni.

"Nimesikia. Mirthe amepiga vizuri. Pumzi imekaa sawa, nilimwambia miaka mingi kuhusu pumzi ile." Alimega mkate. "Ila ile noti ni ya matundu. Nilijua kabla haijaisha. Walifichaje?"

"Kwa mahameli."

"Kwa hiyo walimpata mshonaji mwingine. Haya. Na watu wote wale hakuna hata mmoja aliyeuliza?"

"Bibi Lohuizen aliuliza. Alitaka kufunua."

"Ee." Wiebe aliuacha mkate. "Wakamwambia nini?"

"Aliambiwa ni kwa ajili ya jasho. Kwamba jasho la mkono linaila shaba, na zamani shaba ilikuwa laini."

Wiebe alimtazama, kisha bega likaanza kutikisika. Alikuwa hajacheka tangu kijitabu kile kitoke, na sasa alicheka kwa kujizuia, viganja viwili vimeubana mdomo usichanike.

"Jasho," alisema. "Shaba inaliwa na jasho. Basi vitasa vyote vya mji huu vingekuwa vimekwisha."

"Na kwamba kwa wafalme walipewa mahameli mpya kila mwaka."

"Kila mwaka!" Machozi yalikuwa yanamtoka. "Aa, Sietske, hiyo imenipita. Sasa ni nani pale Kapella mwenye kipaji hicho? Si Diederik. Diederik hana akili ya kuongeza kila mwaka. Ni nani?"

"Ni mimi," alisema Sietske.

Wiebe aliendelea kucheka, kwa sababu alidhani anamtania. Kisha alimwangalia vizuri, bado amesimama, koti mwilini, na kicheko kikamwisha kidogo kidogo. Tone la damu lilikuwa limetokeza kwenye mdomo wake naye hakulifuta.

"Anasema Mei kiti chako kipo," alisema Sietske.

"Diederik?"

"Ndiyo."

"Na wewe ukamshukuru?"

"Nilimshukuru."